Kiwango cha Tatu: Lugha ya Tahadhari na Hatari ya Maporomoko ya Theluji katika Milima ya Alps

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi hatari ya maporomoko ya theluji inavyojengeka katika milima ya Alps, na jinsi nchi zinazopakana katika milima hiyo zilivyokubaliana kuitaja hatari hiyo kwa maneno yenye maana moja katika lugha tofauti. Yanaonesha kwamba kiwango kinachoonekana kuwa cha katikati, yaani cha tatu kati ya vitano, ndicho kinachohusishwa na vifo vingi zaidi, na kwamba neno pekee halitoshi kubeba uzito wa kiwango hicho. Kutokana na mfano huo, makala yanachunguza nyenzo ambazo Kiswahili kinazo kwa ajili ya lugha ya tahadhari: unyambuaji wa vitenzi, tanakali za sauti, maneno ya uwezekano na upatanisho wa ngeli. Hoja kuu ni kwamba tahadhari hutafsiriwa kabla ya hatari kutokea, si siku ya hatari, na kwamba kinachopaswa kutafsiriwa kwanza ni nafasi ya neno katika mfumo.

Maneno muhimu: tahadhari, theluji, istilahi, tafsiri, viwango vya hatari, nchi jirani

1.0 Utangulizi

Katika majira ya baridi, saa kumi na moja ya kila jioni, Taasisi ya Utafiti wa Theluji na Maporomoko ya Theluji (SLF) iliyoko Davos, Uswisi, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko milimani. Saa mbili asubuhi hutoa nyingine. Taarifa hiyo huandikwa kwa Kijerumani na hutokea papo hapo kwa Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza. Wasomaji wake ni viongozi wa wapanda milima, wasimamizi wa barabara na reli, waokoaji, na maelfu ya watu wanaokwenda kuteleza kwa skii au kutembea juu ya theluji nje ya njia zinazolindwa. Hao wa mwisho ndio wanaotuhusu zaidi, kwa kuwa katika maeneo hayo hakuna mlinzi wala kizuizi. Kinachosimama kati ya mtu na mteremko ni ujuzi wake na maneno aliyoyasoma.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika majira ya baridi ya 1950/51, maporomoko yaliua watu 98 nchini Uswisi, wengi wao wakiwa majumbani na vijijini. Tarehe 23 Februari 1999, poromoko moja liliangukia kijiji cha Galtür, Austria, na kuua watu 31. Kati ya matukio hayo mawili na baada yake, nchi za Alps zilijenga kuta na vizuizi, zikachora ramani za maeneo ya hatari, na kuweka taratibu za kufunga barabara na kuhamisha watu. Leo idadi kubwa ya wanaokufa si watu walio ndani ya nyumba zao bali ni waliokwenda wenyewe katika miteremko iliyo wazi. Katika milima yote ya Alps hufariki takribani watu 100 kwa mwaka. Takribani tisa kati ya kila kumi wa wanaonaswa nje ya njia zinazolindwa hunaswa na poromoko walilolianzisha wao wenyewe au wenzao wa msafara.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayolifanya suala hili kuwa la lugha pia. Ikiwa poromoko huanzishwa na mtu, basi linaweza kuepukwa na mtu, mradi aelewe alichoambiwa. Mtaalamu wa theluji hupima tabaka. Mtaalamu wa lugha hana budi kupima neno. Makala haya yanaanza na theluji yenyewe, kwa kuwa istilahi isiyojengwa juu ya uelewa wa kitu huwa ni kivuli kisicho na mti.

2.0 Tandiko la theluji

Theluji iliyolala mlimani haifanani na mchanga uliomwagwa mara moja. Huanguka kwa vipindi, na kila kipindi huacha tabaka lake. Tabaka moja huwa jepesi na la unyoya, jingine huwa limeshindiliwa na upepo, jingine limeyeyuka kidogo mchana na kuganda usiku. Mkusanyiko huo wote, kuanzia ardhini hadi juu, katika makala haya tunauita tandiko la theluji. Neno mrundiko lingeweza kutumika, lakini halibebi dhana ya tabaka zilizolazwa moja juu ya nyingine, na dhana hiyo ndiyo kiini cha hatari.

Baada ya kuanguka, theluji huendelea kubadilika. Ardhi iliyo chini ya tandiko aghalabu hukaa karibu na nyuzi 0 za sentigredi, ilhali uso wa theluji unaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri katika usiku usio na mawingu. Tofauti hiyo ya joto husukuma mvuke wa maji kutoka chini kwenda juu kupitia nafasi zilizo kati ya chembe. Tandiko linapokuwa jembamba, tofauti hiyo hubanwa katika kina kifupi na mwendo wa mvuke huwa wa nguvu. Chembe za theluji hupoteza umbo lake la awali na kukua kuwa fuwele kubwa zenye pande bapa, nyingine zenye umbo la kikombe. Ukizishika mkononi, humwagika kama sukari, kwa kuwa hazishikani. Ndiyo maana theluji chache ya mwanzo wa majira, ikifuatwa na wiki za baridi kali na anga safi, huweza kuacha msingi mbovu utakaodumu kwa miezi.

Tabaka dhaifu huweza pia kuzaliwa juu ya uso. Katika usiku mtulivu, mvuke wa hewani huganda juu ya theluji na kufanya sakitu yenye fuwele kama manyoya, zinazometameta asubuhi. Ni mandhari ya kupendeza. Lakini theluji mpya ikianguka taratibu juu ya sakitu hiyo bila kuiharibu, fuwele hizo huzikwa zikiwa zimesimama, nazo hugeuka kuwa tabaka jembamba la sentimita chache lisiloweza kustahimili mkandamizo wa pembeni. Msafiri anayepita juu yake wiki moja baadaye haoni chochote.

Juu ya tabaka dhaifu huja mzigo. Wakati mwingine ni theluji mpya; mara nyingi ni theluji iliyosombwa na upepo kutoka upande unaopigwa na kurundikwa upande uliokingwa. Upepo huvunjavunja chembe na kuzipanga kwa kubanana, zikafanya bamba: tabaka linaloshikamana lenyewe kwa lenyewe, lakini lisiloshikamana na lililo chini yake. Hapo masharti matatu yanakuwa yamekutana, yaani bamba juu, tabaka dhaifu chini, na mteremko wenye mwinamo wa nyuzi 30 au zaidi. Linabaki moja tu, nalo ni kichocheo.

3.0 Jinsi bamba linavyokatika

Mtu anayeteleza juu ya bamba hukandamiza tabaka dhaifu lililo chini ya miguu yake. Likivunjika hapo, mpasuko haubaki mahali pamoja, bali husambaa ndani ya tabaka dhaifu kwa kasi, pande zote, na bamba zima hupoteza egemeo lake. Ufa hutokea juu ya mteremko, mara nyingi mita nyingi juu ya mtu mwenyewe, na bamba huanza kuteleza likiwa limembeba. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya poromoko la bamba na theluji ovyo inayoteremka kutoka nukta moja: katika poromoko la bamba, aliyelianzisha kwa kawaida yuko katikati yake.

Mtu aliyefunikwa kabisa huwa na nafasi kubwa ya kupona akitolewa ndani ya takribani dakika 10 za kwanza. Baada ya hapo nafasi hiyo hupungua kwa kasi kwa kukosa hewa. Helikopta ya uokoaji aghalabu haiwezi kufika kwa wakati huo. Kwa hiyo wanaomwokoa ni wenzake waliopo, wakiwa na kifaa cha kupokea na kurusha mawimbi, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na sepetu.

Kabla ya kukatika, tandiko wakati mwingine hutoa ishara. Nyufa hukimbia kutoka kwenye skii. Poromoko jipya huonekana katika mteremko wa jirani wenye mwelekeo uleule. Na ishara iliyo dhahiri kuliko zote ni sauti: kishindo kizito cha chini, pale tabaka dhaifu linapoanguka katika eneo tambarare na hewa kusukumwa nje. Wanaosema Kijerumani wameipa sauti hiyo jina la tanakali, Wumm, nalo limo katika maandishi ya kitaalamu bila kuonewa haya. Tutalirudia jambo hili, kwa kuwa Kiswahili si maskini katika eneo hilo.

4.0 Viwango vitano na fumbo la cha tatu

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila nchi ya Alps ilikuwa na mizani yake ya kueleza hatari, yenye idadi tofauti ya viwango na maelezo tofauti. Mtelezaji aliyevuka mpaka kutoka bonde moja kwenda jingine alikutana na namba iliyobeba maana nyingine. Mwaka 1993, huduma za tahadhari za Ulaya zilikubaliana kuhusu mizani moja ya viwango vitano. Kwa Kijerumani, viwango hivyo ni gering, mässig, erheblich, gross na sehr gross. Kwa Kifaransa ni faible, limité, marqué, fort na très fort. Kwa Kiitaliano ni debole, moderato, marcato, forte na molto forte.

Kila kiwango kina fasili inayojumuisha mambo matatu: uthabiti wa tandiko, wingi wa mahali penye hatari, na ukubwa wa maporomoko yanayotarajiwa. Katika kiwango cha 1, theluji kwa jumla imeshikamana, na poromoko laweza kuanzishwa kwa mzigo mkubwa tu, katika sehemu chache za miteremko mikali mno. Katika kiwango cha 3, mzigo mdogo, yaani mtu mmoja tu, unaweza kutosha katika miteremko mikali iliyotajwa. Katika kiwango cha 4, yaelekea mtu mmoja ataanzisha poromoko katika miteremko mingi mikali. Katika kiwango cha 5, maporomoko mengi makubwa hutarajiwa kuteremka yenyewe, hata katika maeneo yasiyo na mwinamo mkali sana.

Sasa tutazame takwimu za Uswisi. Kiwango cha 3 hutangazwa kwa takribani asilimia 30 ya siku za majira ya baridi, lakini takribani nusu ya vifo hutokea katika kiwango hicho. Kiwango cha 4 hutangazwa kwa siku chache tu, na cha 5 ni nadra zaidi. Kwa nini cha tatu?

Sababu ya kwanza ni ya tabia. Katika kiwango cha 5 watu hukaa ndani na barabara hufungwa. Katika kiwango cha 3 hali ya hewa huweza kuwa nzuri, jua likiwaka juu ya theluji mpya, na nyayo za wengine zikionekana mlimani kana kwamba zinathibitisha usalama. Sababu ya pili ni ya kimaumbile: ishara za hatari huwepo katika sehemu tu ya maeneo, na tabaka dhaifu lililozikwa halionekani. Sababu ya tatu, kwa maoni ya makala haya, ni ya kilugha. Mizani yenye viwango vitano ina katikati yake, na akili ya msomaji huitafsiri katikati kuwa kawaida. Lakini hatari haipandi hatua kwa hatua kama ngazi za nyumba. Hupanda kwa kuongezeka maradufu au zaidi kutoka kiwango hadi kiwango, hivyo kwamba cha tatu kiko mbali na cha pili kuliko namba zinavyodokeza. Namba 3 husomeka kama nusu ya njia, ilhali fasili yake yasema kuwa mtu mmoja anatosha.

Huduma za tahadhari zimelitambua tatizo hili. Tangu majira ya baridi ya 2022/23, Uswisi hugawa viwango kuanzia cha 2 kwenda juu kwa alama zinazoonesha kama hatari iko chini, katikati au juu ndani ya kiwango husika. Aidha, umoja wa huduma za tahadhari za Ulaya (EAWS) huelekeza taarifa ipangwe kama piramidi: kwanza kiwango, kisha mahali na mwinuko, kisha aina ya tatizo, na mwisho maelezo ya tandiko na hali ya hewa. Aina za matatizo zimewekwa kuwa tano: theluji mpya, theluji iliyosombwa na upepo, tabaka dhaifu lidumulo, theluji iliyolowa, na theluji itelezayo ardhini. Namba haiachwi peke yake.

5.0 Lugha nyingi, maana moja

Kuwa na mizani moja hakumalizi tatizo la tafsiri. Taarifa hutolewa mara mbili kwa siku, na mtabiri wa jioni hana muda wa kumsubiri mtafsiri. Suluhisho la Uswisi, linalotumika tangu miaka ya mwanzo ya 2010, ni katalogi ya sentensi. Wataalamu walikusanya sentensi zinazohitajika katika taarifa, wakazigawa katika vipande, na kwa kila kipande wakaorodhesha chaguo zinazoruhusiwa. Kila kipande na kila chaguo vilitafsiriwa na kukaguliwa mapema katika lugha zote. Mtabiri huchagua kwa Kijerumani. Lugha nyingine tatu hujitokeza zenyewe, bila kusahihishwa baadaye. Tathmini iliyochapishwa baada ya majira mawili ya matumizi ilionesha kwamba wasomaji hawakuweza kutofautisha vizuri matini hayo na yale yaliyoandikwa na kutafsiriwa na binadamu, na kwamba watabiri waliona hali zote muhimu zinaweza kuelezwa.

Hatua nyingine ilichukuliwa na maeneo matatu yanayopakana. Tangu majira ya 2018/19, Tirol ya Austria pamoja na Südtirol na Trentino za Italia hutoa taarifa moja ya pamoja kwa Kijerumani, Kiitaliano na Kiingereza. Mpaka wa kisiasa upo palepale, lakini kwa mtelezaji tandiko la theluji halikatwi na mpaka huo.

Jambo la kuzingatia hapa ni tarehe ya tafsiri. Katika mfumo huu, kazi ya mtafsiri ilifanyika miaka kabla ya poromoko. Mjadala wote kuhusu neno gani lina nguvu kiasi gani ulifanyika mezani, wakati ambapo hakuna aliyekuwa hatarini. Methali yetu ya tahadhari kabla ya hatari inapata hapa maana ya kitaaluma: hata sarufi ya tahadhari hutangulia.

6.0 Kiswahili mbele ya theluji

Yaweza kudhaniwa kwamba Kiswahili, lugha ya pwani na nyika, hakina la kusema kuhusu theluji. Historia ya msamiati yaonesha vingine. Tunayo maneno mawili ya mkopo. Theluji limetoka katika Kiarabu, ambako thalj huweza kumaanisha theluji na hata barafu. Barafu limetoka katika Kiajemi, ambako barf ni theluji. Kiswahili kimeyapokea yote mawili na kuyagawia kazi: theluji ni ile inayoanguka, barafu ni maji yaliyoganda. Kwa mgawanyo huo lugha imejipatia tofauti ambayo maneno ya asili hayakulazimika kuionesha. Tukiongeza sakitu, tunayo misingi mitatu ya kujengea istilahi bila kukopa upya.

6.1 Kuporomoka na kuporomosha

Mizani ya Ulaya hutofautisha poromoko linaloteremka lenyewe na lile linaloanzishwa na mtu. Lugha za Alps hulazimika kuongeza kivumishi ili kuonesha tofauti hiyo. Kiswahili huionesha ndani ya kitenzi: theluji huporomoka, mtu huporomosha theluji, theluji huporomoshwa na mtu. Tofauti kati ya viambishi hivi ni tofauti kati ya viwango vya hatari. Kwa hiyo mwandishi wa tahadhari asiseme tu kuwa kuna hatari ya maporomoko. Nomino hiyo huficha mtendaji, na tena katika Kiswahili maporomoko huweza kuwa ya maji, ya ardhi au ya mawe. Kitenzi kitumike, na mtendaji atajwe.

6.2 Inawezekana na yaelekea

Fasili ya kiwango cha 3 hutumia lugha ya uwezekano. Ya kiwango cha 4 hutumia lugha ya uelekeo. Katika Kiswahili, kitenzi -weza kina kazi mbili, uwezo na uwezekano. Sentensi "mtu mmoja anaweza kuporomosha theluji" huweza kusikika kana kwamba inasifu nguvu za mtu huyo. "Theluji inaweza kuporomoshwa na mtu mmoja" ni salama zaidi, kwa kuwa theluji haina uwezo wa kusifiwa. Kwa kiwango cha juu, yaelekea ni bora kuliko huenda, kwani huenda katika mazungumzo ya kila siku huachia nafasi ya kupuuza.

6.3 Majina ya viwango

Mtafsiri wa haraka angeandika: ndogo, ya wastani, kubwa kiasi, kubwa, kubwa sana. Orodha hii ina kasoro mbili. Neno wastani lina maana ya katikati, hivyo msikilizaji anayejua kuwa viwango ni vitano atakitafuta cha wastani katika namba 3, si namba 2. Na neno kiasi hupunguza makali ya kubwa katika kiwango kile kile kinachoua zaidi.

Tukiangalia lugha za Alps tunaona kwamba nazo hazikutafsiriana neno kwa neno. Erheblich ya Kijerumani husema juu ya jambo lenye uzito wa kuhesabiwa. Marqué na marcato husema juu ya kilicho dhahiri, kilichotiwa alama. Kilichohifadhiwa ni nafasi ya neno katika mpangilio pamoja na fasili yake. Kwa msingi huo makala haya yanapendekeza: 1 ndogo, 2 ya kiasi, 3 kubwa, 4 kubwa sana, 5 ya kupindukia. Pingamizi lipo: kiwango kinachotangazwa katika takribani theluthi moja ya siku, kikiitwa kikubwa, huweza kuzoeleka na kupoteza nguvu. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake haliwezi kutolewa na kamusi. Linahitaji majaribio kwa wasikilizaji, wakiulizwa wangefanya nini baada ya kusikia neno, badala ya kuulizwa neno lina maana gani.

6.4 Tanakali kama istilahi

Kiswahili husema kitu kimeanguka pu, au tifu, au chubwi, na msikilizaji hujua uzito wa kitu na aina ya mahali kilipoangukia. Kishindo cha tabaka dhaifu linaloanguka chini ya theluji kinastahili kuelezwa kwa nyenzo hiyo. Tukimwambia mgeni mlimani, "ukisikia tifu chini ya miguu yako, geuka urudi ulikotoka," tumempa istilahi, maelezo na maagizo kwa pamoja. Wataalamu wetu wa istilahi wamezoea kuziona tanakali kuwa mapambo ya fasihi. Mfano wa Wumm unaonesha kwamba sayansi inaweza kuzipokea pale zinapotaja jambo kwa usahihi kuliko nomino dhahania.

6.5 Ngeli na katalogi

Kikwazo halisi cha kuunda katalogi ya Kiswahili ni upatanisho wa kisarufi. Chukua sentensi hii, iliyotungwa kwa ajili ya makala haya: "Theluji iliyosombwa na upepo inaweza kuporomoshwa hata na mtu mmoja katika miteremko mikali inayoelekea kaskazini, juu ya mita 2,200." Tukibadilisha kiima kuwa bamba, kitenzi huwa linaweza, kikiwa mabamba, huwa yanaweza. Kipande kimoja kikibadilika, vingine hulazimika kufuata. Suluhisho ni kupanga katalogi ili nafasi zinazobadilika ziwe katika virai vya mahali, mwinuko na mwelekeo, ambavyo havitawali kitenzi, au kila kiima kifungwe pamoja na kitenzi chake kama kipande kimoja. Kazi hiyo ni kubwa mwanzoni, lakini hufanywa mara moja.

7.0 Kutoka theluji hadi udongo

Theluji haiko kando ya Ziwa Kivu, lakini miteremko ipo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi magharibi mwa Rwanda, na watu zaidi ya 130 walifariki. Tarehe 4 Mei, mafuriko na matope yaliangamiza vijiji vya Kalehe, upande wa Kongo wa ziwa hilohilo; waliofariki walizidi 400. Ziwa ni moja, na majira ya mvua ni yaleyale. Na kuna lugha moja yenye hadhi ya kisheria katika pande zote mbili: Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa nchini Kongo, na Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017.

Mizani ya theluji haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Udongo uliolowa huporomoka kwa mvua, si kwa uzito wa mpita njia, na anayehatarishwa si mtu aliyekwenda kujiburudisha bali ni aliyelala nyumbani kwake. Kinachoweza kuhamishwa ni utaratibu wa kazi. Kwanza, huduma za hali ya hewa na za maafa za nchi jirani zikubaliane kuhusu idadi ya viwango na fasili zake kabla ya kujadili majina. Pili, sentensi za tahadhari ziandaliwe na kukaguliwa mapema katika Kiswahili na katika lugha za bonde husika, kama vile Kinyarwanda na Kihavu, wataalamu wa lugha wakiwa mezani tangu siku ya kwanza, wasiitwe mwishoni kusahihisha tahajia. Tatu, kila sentensi ijaribiwe kwa sikio, kupitia redio na simu, kwa kuwa wengi wa wanaohusika hawatasoma tahadhari, bali wataisikia.

8.0 Hitimisho

Hatari ya poromoko la theluji hutokana na tabaka lililozikwa ambalo mpita njia halioni. Taarifa ya tahadhari hujaribu kumwonesha kwa maneno kile ambacho macho yake hayafikii. Uzoefu wa Alps unafundisha kwamba maneno hayo hufanya kazi pale tu yanapokuwa na fasili moja pande zote za mpaka, yanapoandamana na mahali na maagizo, na yanapotayarishwa wakati wa utulivu. Unafundisha pia kwamba hata mfumo ulioandaliwa kwa uangalifu huweza kuacha pengo katika neno la katikati, na kwamba pengo hilo hugharimu maisha ya watu kila mwaka.

Kiswahili kina kitenzi kinachotaja mtendaji, tanakali inayotaja sauti, na mtandao wa wasemaji unaovuka mipaka ya nchi zetu. Kinachokosekana ni mkutano wa wale wanaopima mvua na miteremko na wale wanaopima maneno. Ni vyema mkutano huo ufanyike katika msimu wa kiangazi, kabla ya mvua.